Herufi 荼: mboga chungu, mashuke meupe na mzizi wa neno chai

Mwanamke ameachwa. Mumewe ameoa mwingine, na leo ndiyo siku ya kufungasha. Anatembea polepole, miguu inakwenda lakini moyo unagoma, na yule mume hajali hata kumsindikiza hadi njia panda. Anaishia naye kizingitini, basi. Hapo ndipo mwanamke anaposema: "Nani asema 荼 ni chungu? Kwangu ni tamu kama mboga ji." Kisha anaongeza: "Nanyi furahieni ndoa yenu mpya, mpendane kama ndugu."

Maneno hayo yamo katika wimbo uitwao Gufeng, mmoja wa nyimbo 305 za Shijing, mkusanyiko wa mashairi ya Kichina uliotangulia mingine yote. Herufi 荼 husomwa tú kwa Kichina cha leo. Nitaiacha kama ilivyo humu ndani, kwa sababu "tu" tayari tunayo katika Kiswahili na itatuvuruga.

Ukisoma historia za chai, mara nyingi utakuta mstari huo wa mwanamke umenukuliwa kuwa ushahidi kwamba Wachina walikunywa chai tangu zama za Shijing. Dai hilo halikuzuka hewani. Herufi ya chai ya leo, 茶, imezaliwa na 荼. Ziweke pamoja uzitazame: 荼, 茶. Kinachozitenganisha ni mstari mmoja mfupi wa kulala. Ya kwanza ina mistari kumi, ya pili tisa. Lakini mwanamke yule hakuwa na kikombe mkononi. Alikuwa anazungumzia mboga, na ukimnywesha chai kwa nguvu, shairi lake linakufa. Ndiyo sababu naandika makala haya.

Sisi wenye Kiswahili hatuna haja ya kushangaa kwamba neno moja linabeba mizigo mingi. Chungu kwetu ni chombo cha kupikia, ni ladha, ni wadudu wanaokwenda kwa msafara, na ni lundo. Mtu akisema "ana wajukuu chungu nzima" hakuna anayetafuta jiko. Muktadha unatutosha. 荼 nayo ni hivyo hivyo, ila maana zake karibu zote ni mimea, tena mimea isiyofanana hata kidogo. Kwa hiyo msomaji anaweza kupotea kabisa na asihisi kwamba amepotea. Umbo la herufi nalo halimwokoi. Juu kuna alama ya majani, 艹, ile inayokaa kichwani mwa herufi nyingi za mimea; chini kuna 余, iliyowekwa kwa ajili ya sauti. Herufi inakwambia kwamba huu ni mmea na unatamkwa hivi. Mmea gani? Hapo unaachiwa mwenyewe. Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake Shuowen Jiezi mwaka 100, aliieleza kwa kusema ni "荼 chungu", akapita.

Katika Shijing herufi hii imo katika nyimbo saba. Mimi huzisoma kwa kujiuliza swali moja: mshairi anakutana na 荼 kwa kinywa, kwa jicho, au akiwa ameshika jembe? Ukilijibu hilo, mmea unajitokeza wenyewe.

Tuanze na kinywa. Aliyekulia Tanga au pwani ya Kenya anaujua mchunga. Ukikata kikonyo chake, maziwa meupe yanachuruzika na kunata vidoleni. Ua lake ni dogo, la manjano. Ukiupika bila kuuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, watoto wanasogeza sahani mbali, hata ukitia nazi. Watu wazima huupenda kwa uchungu huohuo. Sasa msikilize Yan Zhitui, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 531, akiwaelezea watoto na wajukuu zake 荼 ya yule mwanamke ni kitu gani. Anasema ni mboga chungu inayoota wakati wa baridi ya vuli, ikavuka kipupwe na majira ya kuchipua, ikakomaa kiangazi. Ukiikata hutoa utomvu mweupe, na ua lake ni la manjano kama krisanthemu. Wataalamu wa mimea wa leo huiweka katika jenasi ya Sonchus na jamaa zake, na mchunga wetu ni ndugu wa karibu katika ukoo huohuo. Hatuhitaji kuvuka bahari ili tujue ladha iliyokuwa kinywani mwa mwanamke yule.

Yan Zhitui hakuishia hapo. Alizaliwa kusini, katika dola ya Liang, na ilipoanguka akachukuliwa kaskazini, hivyo aliona mashamba ya pande zote mbili. Anasema walimu wa Liang, walipofundisha kitabu cha taratibu na ibada kinachotaja mboga chungu kuchanua, walikuwa wakiwaonyesha wanafunzi mmea mwingine kabisa: maua ya zambarau au meupe, matunda ya mviringo kama shanga, yakiiva huwa mekundu au meusi. Kaskazini, asema, mmea huo unaitwa longkui. Longkui ni mnavu! Ndiyo, mnavu huu wa Watanzania, ambao Wakenya wengi wanauita managu. Walimu wakubwa walikuwa wamechanganya mchunga na mnavu, kosa ambalo muuza mboga yeyote wa sokoni angelisahihisha bila kuinua macho kutoka kwenye fungu lake. Hoja ya Yan ilikuwa ya mkulima: mmea ule wa kusini hauna mzizi unaovuka kipupwe, unachipua baada ya baridi kwisha, basi hauwezi kuwa ule unaosemwa. Huo ndio usomaji ninaouamini, wa mtu aliyekwenda kutazama shamba kabla ya kufungua mdomo.

Kwa nini lazima iwe mboga? Kwa sababu wimbo mzima wa Gufeng umejaa mboga. Mwanzoni kabisa mwanamke anamuuliza mumewe kama mtu huchuma majani ya kabichi mwitu na figili akaacha kuitazama mizizi yake. Yaani unautazama uso wangu uliochakaa, unasahau kilicho chini. Mwishoni anasema alikuwa na akiba nzuri ya mboga zilizokaushwa za kuvukia kipupwe, na kwamba mume naye alimtumia yeye vivyo hivyo: alikuwa akiba ya kuvukia umaskini, hali ilipotengemaa akatupwa. Huyu ni mama wa jikoni na bustani. Ji anayoilinganisha na 荼 ni mboga ndogo ya porini yenye utamu, inayochumwa kwa kikapu hichohicho. Anachosema ni kwamba mboga chungu kuliko zote anazozijua, akiilinganisha na kinachomkaba kooni leo, imekuwa tamu. Kikombe cha kinywaji cha mlimani kingemtoa jikoni kwake na kumpeleka mahali ambapo hakuwahi kufika.

Mboga hiyohiyo inaonekana kwa upande wa pili katika wimbo wa Mian, unaosimulia jinsi mzee Danfu alivyowahamishia watu wake uwanda wa Zhou, chini ya mlima Qi. Ardhi ni nono hivi kwamba hata jin na 荼, mimea michungu, inakuwa "kama sukari ya kimea". Kwa mwanamke uchungu wa moyo ndio ulioigeuza mboga kuwa tamu. Kwa Danfu ni udongo. Na katika wimbo mrefu wa Qiyue, unaofuata kazi za wakulima mwezi kwa mwezi, 荼 inachumwa mwezi wa tisa pamoja na kuni za mti hafifu uitwao chu, "ili tuwalishe wakulima wetu". Hapo hakuna sitiari yoyote. Ni chakula cha mtu asiye na kingine.

Mkononi mwa mwenye jembe, 荼 inageuka kuwa magugu. Wimbo wa Liangsi unaimba majembe yenye makali yanayong'oa 荼 na liao shambani, kisha unasema magugu hayo yakioza, nafaka inanawiri. Mistari miwili tu, lakini ndani yake kuna mkulima wa kale anayejua kwamba gugu lililoozea shambani ni mbolea.

Jicho ndilo lenye mambo makubwa. Katika wimbo wa jimbo la Zheng, kijana anatoka nje ya mji:

Nimetoka lango la mashariki,
wanawake wamejaa kama mawingu.
Wajae kama mawingu,
si hao moyo wangu uliko.
Mwenye vazi jeupe na ushungi wa kijanikijivu,
huyo ndiye anipaye furaha.

Ubeti wa pili unarudia wimbi lilelile: ametoka lango la boma la nje, na wanawake wamejaa "kama 荼". Wamejaa kama mchunga? Haiingii akilini. Hapa 荼 ni mashuke meupe ya nyasi, yale yanayofanana na sufi, yanayofunika uwanja mzima na kuyumba upepo ukipita. Nyasi zenyewe, ambazo wataalamu huziita Imperata cylindrica, ziko hata kwetu, katika mashamba yaliyoachwa na kando ya njia zilizochomwa moto. Aliyewahi kuona kilima kizima kimekuwa cheupe kwa mashuke hayo jua likiwa linazama anajua kijana yule aliona nini.

Wafafanuzi wa kale walikubaliana kuhusu weupe huo, wakagombana kuhusu maana yake. Ufafanuzi wa Mao, wa enzi ya Han, unasema wanawake wote wamevaa nguo za msiba. Utangulizi wa wimbo unaueleza kuwa ni kilio cha nchi iliyovurugwa na wana wa mtawala waliopigania kiti mara tano, wanaume na wanawake wakatenganishwa na vita. Zheng Xuan (127–200) akasema 荼 ni shuke la nyasi, kitu chepesi, linaruka bila kuwa na mwelekeo. Miaka elfu baadaye Zhu Xi (1130–1200) akaandika kwamba ni ua la nyasi, jepesi, jeupe, la kupendeza. Herufi ni moja, na mmea wanaouona ni ule ule, lakini mmoja anaona wajane, wa pili anaona watu wasio na msimamo, wa tatu anaona mabinti warembo.

Mimi niko na Zhu Xi kuhusu uzuri, lakini namwazima Zheng Xuan wepesi wake, kwa sababu kijana anasema wazi kwamba umati ule haumshiki. Na kuna jambo lililo palepale kwenye maneno: mpenzi wake naye amevaa nyeupe, hariri isiyotiwa rangi, vazi la mtu asiye na makuu. Uwanja mzima ni mweupe, na macho yake yanatafuta weupe mmoja. Ukitafsiri 荼 kwa kusema "maua" bila kutaja rangi, umelipoteza hilo.

Shuke hilo jeupe ndilo lililoingia vitani. Mwaka 482 K.K. mfalme Fuchai wa dola ya Wu alikuwa mahali paitwapo Huangchi akishindana na mtawala wa dola ya Jin kuhusu nani awe mkuu wa mabwana wa nchi, huku nyuma yake habari zimeshamfikia kwamba jeshi la Yue limevamia kwake. Kitabu cha Guoyu kinasimulia alivyofanya. Jioni aliamuru farasi walishwe, na usiku wa manane askari wavae silaha. Akapanga kikosi cha mraba, watu mia kwa safu mia, jumla 10,000, wote kwa nyeupe: nguo nyeupe, bendera nyeupe, deraya nyeupe, mishale yenye manyoya meupe. "Ukiwatazama kwa mbali ni kama 荼." Kushoto kikosi kingine kama hicho, chekundu tupu, "kama moto". Kulia kingine, cheusi tupu, "kama wino". Kulipopambazuka walikuwa kiasi cha li moja (karibu nusu kilomita) kutoka kambi ya Jin, mfalme mwenyewe akashika ngoma. Watu wa Jin waliduwaa.

Msemo wa Kichina uliobaki hadi leo ni rú huǒ rú tú, "kama moto, kama 荼", na hutumika kwa jambo linaloendelea kwa kishindo, kampeni au ujenzi. Wino ukaachwa njiani. Jambo lingine lililoachwa ni kwamba maonyesho yale hayakumwokoa Fuchai; mwaka 473 K.K. Yue waliimaliza Wu, naye akafa. Msemo umechukua fahari ya alfajiri ile peke yake. Siku hizi hata Wachina wengine huuandika kimakosa kwa herufi ya chai, "kama moto, kama chai", na walimu wao hawachoki kuusahihisha.

Kabla sijatoka kwenye mashuke, kuna ndege mmoja sitaki nimruke. Wimbo wa Chixiao ni sauti ya ndege mama anayemlilia bundi: umeshamchukua mtoto wangu, usiivunje nyumba yangu. Anaeleza alivyojenga kiota: makucha yamekufa ganzi, anakwangua 荼, anakusanya majani, mdomo umeuma, na bado hana nyumba. 荼 hapa ni mashuke yaleyale, sufi ya kutandika kiota. Mapokeo yanasema wimbo huu aliutunga Bwana wa Zhou alipokuwa akishukiwa na jamaa zake mwenyewe. Ukiweka mboga chungu pale, ndege anakosa godoro.

Kutoka ladha hadi majonzi ni hatua fupi, na Kiswahili kinaipiga kila siku. Tuna uchungu wa dawa, uchungu wa moyo, uchungu wa kuzaa. Kichina kilipita njia hiyohiyo. Katika wimbo wa Sangrou, watu waliochoshwa na utawala mbaya wanaelezwa kuwa radhi kutenda 荼毒, tudu. Kong Yingda (574–648) alizitenganisha herufi hizo mbili kwa uangalifu: ya kwanza ni jani chungu, ya pili ni mdudu mwenye mwiba. Baadaye zikashikamana zikawa neno moja lenye maana ya kutesa na kuangamiza. Li Hua wa enzi ya Tang, katika maombolezo yake ya uwanja wa vita wa zamani, aliandika kuhusu Ukuta Mkuu wa Qin kwamba ulizitesa roho zilizo hai, na ardhi ikawa nyekundu ya damu kavu kwa maelfu ya li. Kitenzi alichokichagua ni hicho, tudu. Wachina wengi wanaolitumia neno hilo leo hawafikirii mboga, kama sisi tusivyofikiria ulimi tunaposema mtu ana uchungu na nchi yake.

Sasa chai. Ushahidi kwamba 荼 ilikuwa pia jina la mti wa chai uko katika Erya, kamusi ya kale iliyopanga maneno kwa mafungu. Kwenye fungu la majani imeandikwa kwamba 荼 ni mboga chungu. Kwenye fungu la miti imeandikwa kwamba jia ni "荼 chungu". Waliotunga kamusi walijua wana vitu viwili, wakaviweka vyumba viwili. Guo Pu (276–324) akakifafanua kile cha pili: ni mti mdogo, majani huota wakati wa baridi, yanachemshwa kuwa mchuzi wa kunywa, yanayochumwa mapema huitwa 荼, yanayochelewa huitwa ming, na watu wa Shu wanaiita 荼 chungu. Shu ni Sichuan ya leo, na Gu Yanwu (1613–1682), mmoja wa wanachuoni wakali kuliko wote kuhusu maneno, alishikilia kwamba desturi ya kunywa chai ilianza kuenea baada ya dola ya Qin kuiteka Shu, jambo lililotokea mwaka 316 K.K.

Kutoka Shu hiyo tuna hati ya kushangaza ya mwaka 59 K.K. Wang Bao alikuwa mgeni katika nyumba ya mjane, akamtuma mtumwa wa pale, Bianliao, akanunue pombe. Mtumwa akakataa, akasema bwana wake marehemu alimnunua kulinda kaburi, si kununulia wanaume wa watu pombe. Wang Bao akamnunua kwa sarafu 15,000 na kumwandikia mkataba wenye orodha ndefu ya kazi. Miongoni mwake: kuchemsha 荼, na kwenda Wuyang kununua 荼. Wasomi wamebishana sana kama zote mbili ni chai. Mimi naitazama ile ya pili. Hakuna anayemtuma mtu mji mwingine kununua mboga inayoota yenyewe nyuma ya nyumba. Kilichonunuliwa Wuyang kilikuwa bidhaa. Nayo mimea yenyewe imeonekana: katika mashimo ya kaburi la mfalme Jing wa Han, aliyekufa mwaka 141 K.K., yalikutwa majani ambayo watafiti waliyathibitisha mwaka 2016 kuwa ni vichipukizi vya chai.

Mkanganyiko ulidumu hata hivyo, tena kwa sababu ya kuaminika. Vitabu vya dawa vilisema mboga chungu humpunguzia mtu usingizi. Tao Hongjing (456–536), tabibu mkubwa, akasoma hivyo akawaza: kitu kichungu, kinachofukuza usingizi na kisichopukutika kipupwe, je, si ndiyo ile ming tunayokunywa? Mwaka 659 waandishi wa kitabu cha dawa cha dola ya Tang wakamjibu waziwazi kwamba ming ni jamii ya miti, haimo kabisa katika kundi la mboga. Karne ya 7 tayari kulikuwa na watu waliochoka kuona chai ikimeza mboga.

Sauti ndiyo iliyoanza kuzitenganisha. Yan Shigu (581–645), mjukuu wa Yan Zhitui yuleyule wa mboga, alipofafanua historia ya Han alikutana na jina la mahali lililoandikwa 荼陵. Akaeleza namna ya kulisoma kwa mbinu ya kale ya kuunganisha maneno mawili: chukua mwanzo wa zhang, uunge na mwisho wa jia. Jibu linaelekea kwenye "cha", mbali na tú. Mahali hapo, huko Hunan, leo panaitwa Chaling, kilima cha chai. Babu alitatua kinywa, mjukuu akarekodi sikio.

Jicho lilifuata mwisho. Lu Yu, aliyeandika kitabu cha chai katika karne ya 8, anataja kwamba umbo 茶 limetoka katika kamusi iliyotolewa enzi ya Kaiyuan, mwaka 735. Lakini amri ya kamusi ni jambo moja, mkono wa mchonga mawe ni jingine. Gu Yanwu alizuru mlima Tai, akaingia hekalu la Daiyue na kusoma mawe ya Tang moja baada ya jingine. Kwenye jiwe la mwaka 779 alikuta maneno "chai na dawa", kwenye la 798 "karamu ya chai", na yote mawili yameandikwa 荼, mstari wake ungalipo. Kisha akalinganisha na mnara wa maandishi wa mwaka 841 wa mwandishi mashuhuri Liu Gongquan, na ule wa 855 wa Pei Xiu. Mstari umetoweka. Akahitimisha kwamba herufi ilibadilika baada ya katikati ya Tang. Napenda sana picha hiyo ya mzee anayesimama mbele ya jiwe lenye ukungu akihesabu mistari, kwa sababu ndivyo jambo hili lilivyotatuliwa.

Kwenye jiwe la 855 kuna kitu kinachonigusa zaidi. Neno lililochongwa pale bila ule mstari halihusu chai. Ni tupi, neno la Kibuddha la kuchoma maiti, lililotoka lugha za India, ambalo lilitumia 荼 kwa sauti yake. Mstari ulikuwa umeanza kuondoka hata pasipotakiwa.

Matamshi mapya yalisafiri. Kwa njia ya nchi kavu, chá ikafika kwa Waajemi, wakaiongeza mwisho ikawa chay, na humo ndimo lilimotoka neno letu chai. Huko Fujian watu walibaki na matamshi ya te, yaliyobebwa na meli za Waholanzi kwenda Ulaya. Chai yetu na "tea" ya Waingereza ni matamshi mawili ya neno lilelile, na yote mawili yana asili moja na tú ya mwanamke wa Gufeng, ingawa yeye hakukinywa kinywaji hicho.

茶 ilipoondoka na chai, 荼 ikabaki na vyote vingine: mboga, mashuke, mateso, mandala ya Wabuddha, na hata mlinzi mmoja wa milango aitwaye Shenshu, ambaye jina lake linaandikwa kwa 荼 lakini linasomwa shu, anayewakamata mizimu kwa kamba ya matete na kuwatupia chui milia. Ilibaki pia na ua. Tumi, 荼蘼, ni waridi jeupe linalochanua wakati mengine yote yamekwisha, na mshairi wa Song, Wang Qi, aliandika mstari ambao Wachina wengi wanaujua kwa moyo: tumi likichanua, shughuli za maua zimekwisha.

Mstari huo unarudi katika sura ya 63 ya riwaya ya Ndoto ya Chumba Chekundu. Ni usiku wa siku ya kuzaliwa ya Baoyu, kijana aliye mhusika mkuu, wasichana wa nyumba wamekusanyika wanavuta vijiti vya bahati, kila kijiti kikiwa na picha ya ua na mstari wa shairi. Sheyue, mtumishi, anavuta chake: kuna tawi la tumi, na maneno yale ya Wang Qi, pamoja na agizo kwamba wote waliopo wanywe vikombe vitatu kuyaaga majira. Sheyue anauliza maana yake ni nini. Baoyu anakunja uso, anakificha kijiti haraka, na kusema, "Tunywe kwanza."